Mtoto Mchanga Ndiye Anayeanza Mazungumzo: Mwongozo wa Kucheza Naye Mwaka wa Kwanza

Kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, siku inaanza kabla hakujapambazuka vizuri. Akina mama wanaouza samaki, mitumba na ndizi mpakani wananiachia watoto wao, kisha wanakimbilia soko. Wengine ni wachanga wa miezi mitatu. Jioni wanarudi kuwachukua, miguu imejaa vumbi, na swali ninaloulizwa mara nyingi si la homa wala la maziwa. Mama anamweka mtoto mgongoni, anakaza leso, halafu ananiuliza: "Lakini mama, huyu mdogo hivi unacheza naye nini? Si ni wa kunyonya na kulala tu?"

Hata mimi niliamini hivyo. Mtoto wangu wa kwanza nilimnyonyesha, nikamlaza chali kitandani, nikaendelea na kazi. Niliambiwa nisimbebe sana, atazoea mikono. Alikuwa mtulivu, nami nikajivunia utulivu wake. Alipofika miezi mitatu, kisogo kilikuwa bapa upande mmoja, na ukimwinamia alikuwa anageuza macho dirishani kwenye mwanga, maana mwanga ulikuwa unamtembelea kuliko mimi. Tulipoanza kumbeba na kumsemesha alichangamka, na kichwa kikarudi duara polepole. Leo ni kijana mkubwa. Lakini ile miezi mitatu ningependa nirudishiwe.

Nilichojifunza tangu hapo nitakieleza hatua kwa hatua. Yote yanasimama juu ya jambo moja: mtoto ndiye anayeanza mazungumzo. Anaanza kwa jicho, kwa mguu, kwa mguno. Kazi yako ni kuona, kujibu, halafu kunyamaza ili naye apate zamu yake. Ubongo wake mwaka huu wa kwanza unakua kwa kasi ambayo hautaipata tena maishani, na njia zake zinaimarika kila anapotuma ujumbe na ujumbe ukajibiwa.

Jambo hili lilichunguzwa mapema hapa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada, alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akitembelea familia 26 zenye watoto wanaonyonya. Aliketi nao nyumbani, kwa muda wa saa mbili hivi kila ziara, akitazama mtoto na mama yake wanavyoishi. Aliona kwamba watoto waliotulia moyoni, waliolia kidogo na kuthubutu kutambaa kwenda kuchunguza vitu mama akiwa karibu, mara nyingi walikuwa wa mama walioweza kumweleza mgeni habari za mtoto wao bila kuulizwa: anapenda nini, nini kinamwudhi, jana amefanya nini kipya. Yaani mama anayemtazama mtoto wake. Sehemu ya mambo yanayofundishwa leo vyuo vikuu juu ya mshikamano wa mama na mtoto ilitoka kwenye mikeka ya Buganda, eneo hilo la Kampala. Nikiwaambia mama wa hapa hivyo, wanakaa wima.

Hatua ya 1: Jua saa yake

Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 katika siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Ondoa muda wa kunyonya na kubadilishwa nepi, utaona kinachobaki ni vipande vidogo. Kipande cha kucheza ni kile ambacho amenyonya, ni mkavu, macho yako wazi na yametulia, na mikono haikurupuki. Mara nyingi ni dakika chache tu baada ya kunyonya au baada ya kuoga.

Jifunze pia namna anavyosema "basi". Atageuza uso. Atapiga miayo, atakunja mgongo kama upinde, atakodoa macho mahali pasipo na kitu, au atapata kwikwi ghafla. Hapo usimfuate uso upande wa pili ukipiga vidole. Mwache apumzike. Huenda akarudi mwenyewe baada ya nusu dakika, na akirudi, ni yeye aliyetaka. Kwa mtoto wa mwezi mmoja, dakika tatu hadi tano kwa mara moja zinatosha kabisa.

Na akilia, mjibu. Hakuna mtoto wa miezi miwili anayedeka kwa makusudi.  Kumbeba hakumharibu.

Hatua ya 2: Uso wako ndio toi ya kwanza

Mtoto aliyezaliwa leo anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Pima: ni kutoka titi lako mpaka uso wako. Zaidi ya hapo ni ukungu. Kwa hiyo yale matoi ya kuning'iniza juu darini hayamfikii. Uso wako unamfikia. Sauti yako naye anaijua tayari, kwa kuwa aliisikia miezi akiwa tumboni.

Mlaze mapajani, kichwa kwenye magoti yako, miguu kuelekea tumboni kwako. Mtazame. Sema neno moja. Kisha nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi tunapokosea, na nitakaa hapo kidogo. Mpwa wangu alinitembelea na mwanawe wa wiki saba. Akamlaza mapajani, akaanza kumsemesha mfululizo kama redio, bila kupumua. Mtoto akainua nyusi, akafungua mdomo, akaukunja ulimi, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema; mama yake alikuwa ameshaingia sentensi nyingine. Ikawa hivyo mara tatu. Mara ya nne mtoto akageuza uso ukutani.

"Amenichoka," mpwa wangu akasema.

Nikamwambia: mwambie neno moja, ufunge mdomo, uhesabu moyoni mpaka kumi. Akamwinamia. "Hujambo, baba?" Moja, mbili, tatu. Kufika nne, miguu ikaanza kukanyaga hewa. Kufika sita, midomo ikawa duara. Kufika nane, ikatoka: "Ng'guu." Mpwa wangu akanigeukia mimi, macho yamejaa maji. "Amenijibu?"

"Mjibu na wewe. Anasubiri."

Mtoto mchanga anachelewa. Sauti yako ikimfikia, inabidi akusanye mdomo, ulimi, pumzi na macho, na vyote hivyo havijazoeana bado. Sekunde zako mbili hazimtoshi. Mpe kumi. Akitoa sauti, irudishe kama ilivyo: akisema "aguu", nawe sema "aguu". Akitoa ulimi, toa wako. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane utapata tabasamu la kweli, lile la kukutazama wewe machoni, si lile la usingizini. Ukilipata, mrudishie papo hapo.

Hatua ya 3: Geuza kazi kuwa mchezo

Wengi wetu hatuna saa ya ziada. Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 60 za kazi na baba siku 4. Mama wa sokoni hana hata moja. Kwa hiyo sitakuambia utenge muda. Mtoto anaogeshwa, anabadilishwa, ananyonyeshwa, anabebwa. Muda ni huo.

Chukua kuoga. Kwa Baganda kuna ekyogero, maji ya majani ya kumwogeshea mtoto mchanga, na kila jajja, yaani bibi, ana mchanganyiko wake. Wazee nawaheshimu. Ninachoomba ni kwamba maji hayo yasiingie kinywani, kwa sababu mpaka miezi sita tumbo hilo ni la maziwa ya mama peke yake. Kisha, wakati wa kumwogesha, usiwe unaongea na jirani juu ya kichwa chake. Jaribu maji kwa kiwiko. Mwonyeshe mikono yako miwili, sema, "Nakuinua sasa," subiri kidogo, ndipo umwinue. Fanya hivyo hivyo kila siku kwa maneno yale yale. Akifika miezi mitatu au minne utaona ajabu: ukinyoosha mikono na kusema, anajikaza mwili mwenyewe kabla hujamgusa. Amekwisha kujua kinachofuata.

Ndani ya beseni taja unachoosha. "Mkono uko wapi? Huu hapa. Na wa pili?" Mwagilia maji tumboni kwa kiganja, usimame, umtazame kama anataka tena. Akirusha miguu, hiyo ni "ndiyo". Na hata mtu akibisha hodi, mtoto asibaki peke yake majini, hata kama maji hayafiki kifundo chako.

Baada ya kuoga wengi tunamkanda kwa mafuta. Ni kitu kizuri sana, mguso unamtuliza. Kanda taratibu kuanzia mapajani kwenda vidoleni huku ukimtazama uso. Ila ile ya kumvuta viungo, kumning'iniza kichwa chini au kumrusha juu, iacheni. Kichwa chake ni kizito na shingo ni laini, na kutikiswa kwa nguvu kunaweza kumwumiza ubongo.

Wakati wa kubadilisha nepi mpe ncha ya nepi safi aishike. Wakati wa kunyonyesha, weka simu chini. Ukimbeba mgongoni, mwambie mnapopita: "Tunapita kwa fundi viatu. Unamsikia anavyogonga?" Mgongoni ni darasa kubwa, anasikia kifua chako kinavyonguruma ukiongea.

Hatua ya 4: Kifudifudi, kila siku

Kulala alale chali, usiku na mchana, ndani ya chandarua. Lakini akiwa macho, anahitaji kulazwa kifudifudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za kifudifudi kwa siku, zikigawanywa vipande vipande. Shingo, mabega na mgongo vinapata nguvu hapo, na bila hivyo hakuna kuketi wala kutambaa. Na kile kisogo bapa cha mwanangu kisingetokea.

Watoto wengi mwanzoni hawapendi. Wanalia, na mama anamwinua na kusema, "Huyu wangu hataki." Anza hivi: wewe lala chali kidogo, umweke kifuani kwako, tumbo kwa tumbo. Atainua kichwa ili akutafute. Dakika moja, mbili, basi. Wiki zinazofuata mhamishie kwenye mkeka uliotandikwa kitenge, ukunje leso ndogo umwekee chini ya kifua, mikono iwe mbele. Nawe ulale chini, uso wako usawa na wake. Hili ndilo watu wanaona aibu kulifanya, mtu mzima kulala chini mchana kweupe. Lala. Akiinua kichwa akute uso.

Usimlaze kifudifudi tumbo likiwa limejaa, atatapika. Na akisinzia hapo, mgeuze chali.

Swali la kumkalisha mapema nalo huja. Kwetu wazee hupenda kumkalisha mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, amezungushiwa nguo. Ukimkalisha katikati ya miguu yako, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, dakika chache, hakuna ubaya, anafurahi kuona dunia ikiwa wima. Lakini asiachwe hapo peke yake kwenye sanduku au beseni nusu siku ili mama afanye kazi. Hata mtoto anayefungwa mgongoni afunguliwe anyooke. Mwongozo ule ule unasema asikae amebanwa zaidi ya saa moja mfululizo. Naelewa ugumu wake sokoni. Tandika leso nyuma ya meza yako, mwombe jirani akuangalizie wateja, mpe dakika tano.

Hatua ya 5: Mikono inapofunguka

Kati ya miezi mitatu na sita ngumi zinafunguka, na kila kitu kinaenda mdomoni. Usimpige mkono. Mdomo ndio unaomwambia kitu ni laini, baridi au kigumu. Kazi yako ni kuhakikisha kinachofika huko ni kisafi na hakiwezi kumsonga.

Kwangu hakuna toi ya dukani. Kuna hivi:

Chupa ndogo ya maji, ya plastiki, iliyooshwa, ikatiwa maharagwe makavu kiganja kimoja. Kifuniko nakifunga kwa gundi, nasubiri ikauke usiku kucha, halafu nakijaribu kwa meno yangu mwenyewe. Kila asubuhi naikagua, ikipasuka naitupa, kwa sababu harage moja linatosha kuziba koo.

Mpira wa maganda makavu ya mgomba, kama ule tuliochezea utotoni, lakini mkubwa kuliko kichwa cha mtoto na umefumwa kwa kukazwa. Ukianza kutoa nyuzi, unafumwa upya.

Mwiko mfupi uliolainika, kikombe cha plastiki, sufuria ndogo, vipande vitatu vya kitambaa: kitenge, sweta kuukuu, taulo. Basi.

Usimpe vyote pamoja. Shika chupa mbele yake, sentimita 30 hivi, itikise mara moja, unyamaze. Ipeleke taratibu kushoto, macho yafuate, irudishe kulia. Kisha isogeze karibu na mkono wake na usubiri. Usimtie mkononi haraka. Utaona mkono unakwenda, unakosa, unarudi, vidole vinafunguka kabla havijafika. Kuna mtoto hapa kwangu, wa miezi minne na nusu, alihangaika na mwiko mmoja asubuhi nzima. Mkono wa kulia ulikuwa unaugonga, mwiko unateleza, anautazama, anapumua kwa nguvu kama anayepanda mlima. Dada anayenisaidia aliinuka mara mbili ili ampe. Nikamshika. Mara ya kumi na kitu akaukamata, akaupeleka jichoni badala ya mdomoni, akausogeza, akaupata. Alicheka peke yake. Ushindi ule ungekuwa wetu kama tungempa.

Kipimo changu cha usalama: kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwake si chake. Shanga, vifuniko vya soda, sarafu, njugu, betri ndogo za redio, kaveera (mifuko ya plastiki), vyote juu. Na kamba shingoni, iwe ya urembo au ya kinga, ivuliwe anapocheza na anapolala. Inanasa.

Hatua ya 6: Kujificha na kutafuta

Kuanzia miezi sita hivi anaanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Kabla ya hapo, ukifunika kikombe kwa kitambaa, mara nyingi hakitafuti. Hapo ndipo mchezo wa leso unapokuwa mtamu kuliko yote. Jifunike uso. "Mama yuko wapi? Mama yuko wapi?" Fungua: "Huyu hapa!" Baada ya siku chache acha yeye aivute leso. Kisha mfunike yeye, kidogo tu. Kisha ficha kikombe nusu, baadaye chote, umwache atafute. Ni mchezo wa kicheko, lakini pia unamwandaa kwa jambo gumu: karibu na miezi minane au tisa ataanza kulia ukiondoka, na atawaogopa wageni. Mama zangu wengi hushtuka na kudhani nimemfanyia mtoto kitu. Ni dalili kwamba sasa anajua wewe ni wewe. Usitoroke kwa kunyata. Muage kwa kusema: "Mama anakwenda soko, atarudi." Uondoke. Urudi. Naye atajifunza kwamba anayeondoka anarudi.

Kipindi hicho hicho ataanza kuangusha kijiko makusudi akutazame. Kiokote. Ataangusha tena. Haringi, anajaribu dunia, kama kijiko kitaanguka kila mara na kama wewe utaokota kila mara. Mpe mara sita saba, kisha badilisha: mpe sufuria atumbukize kijiko ndani, kitoe mlio. Kuingiza na kutoa kutamshughulisha mpaka ugali uive.

Akianza chakula, baada ya miezi sita, mwache aguse. Gonja, ile ndizi kubwa ya kupika, iliyochemshwa ikalainika, kipande kirefu cha kushika, anaipondaponda kiganjani, inapakwa masikioni. Keti naye anapokula, usimwache. Ukitaja chakula na kusubiri afungue mdomo mwenyewe, mnazungumza pale pale.

Lugha gani?

Hili linawasumbua watu hapa mpakani. Baba ni Msamia, mama ametoka Bombo, mji wa Wanubi kaskazini mwa Kampala, na nyumbani kwao ni Kinubi na Kiswahili, jirani ni Muganda, shuleni ni Kiingereza. Wanaogopa mtoto atachanganyikiwa, kwa hiyo wanamsemesha Kiingereza cha kubahatisha, au wananyamaza.

Mwongeleshe lugha unayoota nayo. Mtoto mchanga anazaliwa na masikio yanayoweza kutofautisha sauti za lugha yoyote duniani. Mwaka wa kwanza ukielekea mwisho, masikio hayo yanajikita kwenye sauti anazozisikia kila siku kutoka kwa watu. Lugha mbili au tatu hazimchanganyi, anazipanga. Ataingiza neno la huku kwenye sentensi ya kule, na hilo ni la kawaida. Kiswahili kimebezwa sana Uganda, kikaitwa lugha ya askari. Baraza la mawaziri liliridhia mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, lakini kwa mtoto uamuzi wa kweli unafanyika pale unapombembeleza. Mama asiyejiamini katika lugha anaongea maneno machache na hana nyimbo. Mwimbie ulizoimbiwa wewe.

Redio inayowaka siku nzima haimfundishi kuongea, kwa sababu haimsubiri. Na simu ya kumtuliza kwa katuni, hapana: ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa walio chini ya mwaka mmoja ni kutokaa mbele ya skrini kabisa.

Wenzako wa kulea

Baba, hata ukirudi na bodaboda saa mbili usiku, osha mikono na umchukue. Sauti yako nzito ni ngeni na inampendeza, na namna yako ya kumshika ni tofauti na ya mama. Kipande chako cha siku kiwe kimoja na kisibadilike, kwa mfano kumbadilisha nepi ya mwisho na kumwimbia.

Dada wa kazi au jajja anayebaki naye afundishwe ile hesabu ya mpaka kumi, kwa upole, na kwa kuonyeshwa. Jioni usimwulize tu kama mtoto amekula. Mwulize: "Leo amefanya nini?" Ukiuliza kila siku, ataanza kumtazama ili apate la kukujibu.

Na wewe mama: siku za mwanzo machozi huja bila sababu, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, ukawa huoni raha ya mtoto, hulali hata akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, si uvivu wala si laana. Ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mkunga au mhudumu wa kliniki, na siku hizo mtoto apewe mtu mwingine wa kumwangalia machoni mpaka wewe upate nafuu. Nimeishika mikono ya mama watatu mpaka mlango wa kliniki kwa jambo hili.

Hatua ya 7: Andika unachokiona, ukipeleke kliniki

Watoto hawalingani. Mmoja anatembea na miezi 10, mwingine 16, na wote ni wazima. Aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Lakini kuna mambo ya kutosubiri. Manjano kwenye macho na ngozi siku za kwanza, hasa ikishuka mpaka miguuni au mtoto akashindwa kunyonya: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa ikizidi inaumiza ubongo. Hashtuki kwa kelele kubwa. Miezi mitatu imepita na hafuati uso kwa macho wala hatabasamu. Miezi minne na kichwa bado kinaanguka. Mwili umelegea kama kitambaa, au umekakamaa. Anatumia mkono mmoja tu, mwingine umefungwa daima. Miezi tisa na hatoi "bababa" wala "mamama", haketi hata akishikwa. Na umri wowote: alikuwa anafanya jambo, sasa ameacha.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14 na ya mwezi wa 9 zitakufikisha kliniki kwa vyovyote. Foleni ni ndefu na mhudumu ana dakika mbili, akimwona mtoto amelala mgongoni. Hawezi kuona ulichokiona wewe. Kwa hiyo usiseme tu "hachangamki". Chukua daftari dogo, uandike, na kama huandiki, mwambie mtoto mkubwa akuandikie: Jumanne, alikuwa ameshiba, nilitikisa chupa upande wa kushoto mara tatu, hakugeuka, upande wa kulia aligeuka. Mama mmoja wa hapa kwangu alimsomea mhudumu maneno kama hayo, neno kwa neno, kutoka kwenye ukurasa uliopakwa gonja. Mhudumu akaweka sindano chini, akavuta kiti, akasema, "Endelea."